Mchoro Wenye Chanzo Chake: Jinsi Vekta Ilivyoingia Katika Miongozo ya Programu Huria

Kompyuta ina njia mbili za kutunza picha. Ya kwanza ni kuhesabu vidoto: eneo la picha hugawanywa katika pikseli, kila pikseli hupewa rangi yake, na picha huwa orodha ndefu ya rangi. Ya pili ni kutunza maagizo: anzia nukta hii, piga mstari hadi nukta ile, pinda kushoto, jaza rangi ya samawati. Hii ya pili ndiyo vekta. Picha ya vidoto ikikuzwa hutoa meno. Ya vekta huchorwa upya kwa kila ukubwa, na mstari wake hubaki mkali.

Ukiuliza kwa nini waandishi wa miongozo ya programu huria walihamia vekta, wengi watakutajia ukali huo wa mstari. Hiyo ni nusu ya jibu. Maagizo yanaweza kusomwa na kurekebishwa na mtu mwingine, na nusu hiyo ya pili ndiyo nzito. Kinachoshangaza ni kwamba jumuiya zilizojengwa juu ya haki ya kurekebisha kazi ya mwenzako zilichukua karibu miongo mitatu kuidai haki hiyo kwenye picha.

Viwanda vya magari na idara ya hataza (1959–1982)

Mistari inayopinda katika michoro ya leo ilizaliwa viwandani. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati aliyeajiriwa na Citroën nchini Ufaransa, alipata njia ya kueleza umbo la bodi ya gari kwa nukta chache tu. Citroën iliifungia kazi hiyo kabatini kama siri ya biashara. Pierre Bézier wa Renault alifika mahali palepale kwa njia yake mwenyewe, naye akachapisha. Ndiyo maana wachoraji wa leo hutaja jina la Bézier kila siku, na wachache mno wamewahi kumsikia mwenzake. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa udaktari wa MIT nchini Marekani, alionyesha Sketchpad: alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini ya kompyuta ya TX-2, nayo kompyuta ikatunza mistari pamoja na uhusiano wake.

Hayo yalikuwa mambo ya wahandisi. Waandishi wa miongozo walifikiwa kupitia mlango mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikundi cha Unix katika Bell Labs kilipata kompyuta ya PDP-11 kwa ahadi ya kuijengea idara ya hataza mfumo wa kupanga maandishi. Kutoka katika kazi hiyo Joe Ossanna aliandika troff, programu iliyopanga kurasa kwa ajili ya mashine ya uchapaji. Ossanna alipofariki mwaka 1977, Brian Kernighan aliirithi programu hiyo, akairekebisha isitegemee mashine moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaiongezea lugha ndogo iitwayo pic.

Inafaa kukaa kidogo hapa. Katika pic mtu alichora kwa maneno: alitaja sanduku, kisha mshale, kisha sanduku jingine, akaweka jina ndani ya kila moja, na programu ikapanga vipimo yenyewe. Mchoro ulikaa ndani ya faili lilelile la maandishi. Sura ikihamishwa, mchoro wake ulihama nayo. Ukitaka kujua mwenzako alibadilisha nini jana, programu ya diff ilikuonyesha mstari kwa mstari, mchoro kama aya. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kinachosifiwa leo kama uvumbuzi katika uchoraji wa nyaraka ni pic iliyovaa nguo mpya.

Tatizo ni kwamba Unix ilikuwa mali ya mmiliki wa Bell Labs, AT&T. Toleo huria la troff na pic, liitwalo groff, liliandikwa na James Clark na kuanza kutolewa mwaka 1990. Kufikia hapo mazoea mengine yalikuwa yameshaota mizizi.

Printa za Xerox na michoro ya kibodi (1980–1993)

Kampuni ya Xerox ina nafasi ya ajabu katika historia hii. Printa yake iliyokuwa katika maabara ya MIT ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa msimbo, na kisa hicho ni mojawapo ya vyanzo vya GNU, mradi wa programu huria aliotangaza mwaka 1983. Wakati huohuo, John Warnock na Charles Geschke waliondoka katika kituo cha utafiti cha Xerox mwaka 1982 baada ya kushindwa kuishawishi kampuni iuze lugha yao ya kueleza kurasa. Wakaanzisha Adobe, na mwaka 1984 wakatoa PostScript. Printa ya Apple LaserWriter ilipoanza kuuzwa mwaka 1985 ikiwa na PostScript ndani yake, mistari ya Bézier ilifika ofisini.

Programu huria haikukawia kujibu. L. Peter Deutsch alitoa Ghostscript mwaka 1988, na mtu asiye na printa ghali akaweza kuisoma PostScript. Mwaka 1985 Supoj Sutanthavibul alikuwa ameandika programu ya kuchora iliyokuja kujulikana kama Xfig, ambayo ilitunza mchoro kama matini ya kawaida. Upande wa TeX, mfumo wa kupanga vitabu wa Donald Knuth, John Hobby alitengeneza MetaPost. Vyombo, basi, vilikuwapo.

Lakini tazama miongozo ya zama hizo. Mradi wa GNU uliandika nyaraka zake kwa Texinfo, mfumo uliotoa kutoka chanzo kimoja kitabu cha kuchapwa na pia hati ya kusoma kwenye skrini. Skrini yenyewe ilikuwa ya herufi tupu, isiyoweza kuonyesha picha. Mwandishi aliyeweka mchoro wa PostScript aliwapa wasomaji wa kitabu kitu ambacho wasomaji wa skrini hawangekiona. Matokeo yake wengi walichora kwa kibodi: alama ya kujumlisha ikawa pembe ya sanduku, kistari kikawa ukuta, alama ya kubwa kuliko ikawa kichwa cha mshale.

Ni rahisi kuicheka michoro hiyo leo, lakini ilitimiza kila sharti. Ilisomeka kwenye kifaa chochote, ilisafiri ndani ya barua pepe bila kuharibika, ilionekana sawasawa ndani ya kiraka (faili la mabadiliko ambalo mchangiaji hulituma), na mtu yeyote mwenye programu ya kuhariri matini aliweza kuirekebisha. Kilichokosekana ni uzuri, na labda uvumilivu: kuongeza neno moja refu ndani ya sanduku kulilazimu kusogeza mstari mzima. Picha yoyote ambayo ingekuja kuchukua nafasi yake ingepaswa kushindana na uhuru huo, na kwa muda mrefu hakuna iliyoweza.

Wavuti waleta picha, na wapoteza chanzo (1993–2001)

Kivinjari cha Mosaic kilipoanza kuonyesha picha katikati ya maandishi mwaka 1993, waandishi wa nyaraka walipata walichokikosa. Walichopewa ni GIF, muundo wa vidoto wa mwaka 1987. Mwishoni mwa 1994 ilitangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia GIF watatakiwa kulipia hataza ya Unisys iliyokuwa ndani yake. Hasira iliyofuata ilizaa PNG, muundo usio na hataza, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliuidhinisha Oktoba 1996. Jumuiya huria iliushangilia kwa haki.

Ushindi huo hata hivyo ulificha hasara. Mtu alichora mchoro kwenye kompyuta yake, akautoa kama PNG, akauweka kwenye mwongozo, na faili la asili likabaki kwake. Miaka mitatu baadaye programu ilikuwa imebadilika, mchoraji ameacha mradi, na mchoro unasema uongo ambao hakuna anayeweza kuusahihisha bila kuanza upya. Hakuna mradi uliokubali kupokea programu bila msimbo wake. Picha zilipokelewa hivyo kila wiki.

Free Software Foundation ililiona jambo hilo mapema kuliko wengi. Leseni yake ya nyaraka, iliyotolewa Machi 2000, ilidai kwamba anayesambaza nakala nyingi za kazi isiyoharirika kirahisi atoe pia nakala iliyo wazi, na ikafafanua uwazi huo hadi kwenye michoro: mchoro uwe katika muundo unaoweza kuhaririwa kwa programu ya kuchora inayopatikana kwa wingi. Wazo ni safi. Ila toleo la 2002 lilipotaja mifano ya miundo ya picha iliyo wazi, lilitaja PNG, XCF na JPG. Yote ni ya vidoto. Kwa mchoro wa masanduku na mishale, mifano hiyo haikumsaidia mtu.

Muundo wenyewe wa vekta kwa wavuti ulitokana na ugomvi wa makampuni. Mwaka 1998 Microsoft na wenzake walipeleka W3C pendekezo liitwalo VML. Adobe, IBM, Netscape na Sun wakapeleka lao, PGML. W3C haikuchagua upande. Iliunda kikundi cha kutengeneza kitu cha tatu. SVG 1.0 iliidhinishwa Septemba 2001. Ilikuwa matini ya XML: sanduku lina jina, upana na urefu wake kwa namba, na maneno ndani ya mchoro yamebaki maneno. Kwa mara ya kwanza mchoro ungeweza kuwa mzuri kama wa PostScript, ukaonekana kwenye kivinjari, na ukafunguliwa kwa programu ya matini kama ule wa kibodi.

Muongo wa kusubiri (2001–2011)

Kisha ikafuata miaka kumi ya kusubiri. Internet Explorer, kivinjari kilichotawala soko, hakikuisoma SVG. Adobe ilitoa nyongeza ya kuiwezesha, lakini mwaka 2005 ilikubali kuinunua Macromedia, mwenye Flash, na hamu yake na SVG ikapoa. Mwandishi wa mwongozo alikuwa na muundo sahihi ambao wasomaji wake wengi hawangeuona.

Kazi ya maana ya miaka hiyo ilifanyika kwenye vyombo vya kuchorea. Raph Levien alikuwa ameanzisha Gill kwa ajili ya mazingira ya GNOME. Kutoka humo Lauris Kaplinski akajenga Sodipodi. Na mwaka 2003 wachangiaji wanne wa Sodipodi wakajitenga na kuanzisha Inkscape. Waliamua kwamba SVG itakuwa muundo wa asili wa programu yao, faili linalohifadhiwa kila siku, wala si kitu cha kutoa mwishoni. Mafunzo ya kutumia Inkscape yaliandikwa kama mafaili ya SVG: unayafungua ndani ya programu, unasoma maelezo, na unaburuta maumbo yaliyo kando ya maelezo hayohayo. Sijui mwongozo mwingine ulioungana na somo lake kiasi hicho.

Inkscape pia ilifundisha jambo kwa njia ya maumivu. SVG 1.1 haina njia ya kuvunja mistari ya maandishi yenyewe pale sanduku linapoisha. Rasimu ya SVG 1.2 ilipendekeza njia hiyo, Inkscape ikaitekeleza, halafu rasimu ikaachwa. Vivinjari havikuielewa, na kwa miaka mingi michoro iliyochorwa kwa nia njema ilitokea ikiwa na mstatili mweusi mahali pa maelezo. Kukimbilia kiwango kabla hakijakamilika kuna gharama, na waliolipa ni wasomaji.

Miradi mingine ilizunguka kikwazo. DocBook, muundo uliotumiwa na miongozo mingi ya Linux, uliruhusu picha moja kutajwa kwa sura kadhaa, SVG kwa ajili ya kitabu na PNG kwa ajili ya wavuti. Wikipedia ilipokea SVG lakini seva zake zikaigeuza kuwa PNG kabla ya kumfikia msomaji, utaratibu uliodumu muda mrefu. Na kulikuwa na Graphviz, iliyozaliwa katika maabara za AT&T: unaandika kwamba A inaelekea B, nayo inapanga mchoro mzima. Doxygen, iliyoanza mwaka 1997, iliitumia kuchora uhusiano wa sehemu za programu moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, kiasi kwamba mchoro haukuweza kupitwa na wakati.

Firefox 1.5 ilianza kuonyesha SVG Novemba 2005. Internet Explorer 9 ilifuata Machi 2011, na kisingizio cha mwisho kikaisha.

Kiraka kisichobeba picha (2005–2017)

Kilichobadilisha mazoea hasa kilikuwa namna ya kupokea michango, zaidi ya kivinjari chenyewe. Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ulioandikwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, na tovuti zilizojengwa juu yake, zilifanya ukaguzi wa mabadiliko kuwa moyo wa kila mradi. Mkaguzi anayepokea PNG mpya huambiwa tu kwamba faili la jozi limebadilika. Akipokea SVG au faili la Graphviz, anaona kwamba mshale umehamishwa kutoka sanduku hili hadi lile. Mwaka 2008 Georg Brandl alitoa Sphinx kwa ajili ya nyaraka za Python, na ndani yake Graphviz iliweza kuandikwa katikati ya aya, kama pic ilivyokuwa katika troff.

Kiini cha Linux kilionyesha tatizo hilo kwa uwazi wa kuchekesha. Nyaraka zake za video na kamera zilihitaji picha za GIF na PNG, lakini viraka vya kiini husafiri kama matini ya barua pepe. Suluhisho lilikuwa kuzigeuza picha hizo kuwa mlolongo wa herufi zisizo na maana kwa jicho, zikatunzwa hivyo kati ya mafaili ya msimbo, na kurudishwa kuwa picha wakati wa kutengeneza kitabu. Zilikuwa matini kwa umbo tu. Hakuna binadamu angeweza kuzihariri.

Mwaka 2016 nyaraka za kiini zilianza kuhamia Sphinx, na picha hizo zikatakiwa kupewa makao mapya. Mjadala ulizuka Novemba mwaka huo, Torvalds akishikilia kwamba kinachostahili kuwekwa pamoja na msimbo ni chanzo cha mchoro, kile ambacho mchangiaji mwingine anaweza kukifanyia kazi. Picha zikageuzwa kuwa SVG, na mwaka 2017 nyaraka za kiini zikapata maagizo maalumu ya kupokea SVG na Graphviz. Hata hapo mambo hayakukamilika. Wakati wa kutengeneza PDF, SVG ilipitishwa kwenye ImageMagick, ambayo iliigeuza kuwa vidoto. Mpaka mwaka 2022 ndipo Inkscape ilipowekwa kufanya kazi hiyo na mistari ikafika kwenye PDF ikiwa mistari.

PostgreSQL, Machi 2019

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo mwongozo wake unasifiwa kote kwa ubora na kwa miaka mingi ulikuwa maandishi matupu. Sura ya mpangaji wa hoja ilikuwa na mchoro wa kanuni ya kijenetiki uliotengenezwa kwa alama za sawa, vistari na mabano ya pembe. Mawazo ya kuongeza picha yalikwama kwenye maswali yaleyale: tutatumia muundo gani, nani ataweza kuzirekebisha, na zitaonekanaje kwenye wavuti na kwenye PDF kwa pamoja?

Machi 2019 kazi ya Jürgen Purtz na Peter Eisentraut ilijibu maswali hayo kwa mpigo. Picha mbili za kwanza ziliingia: muundo wa faharasa ya GIN, ulioandikwa kwa Graphviz, na mpangilio wa ukurasa wa data, uliochorwa kwa Ditaa. Ditaa ni programu inayochukua mchoro wa kibodi, masanduku ya vistari yaleyale ya zamani, na kuugeuza kuwa picha safi. Kwa hiyo mchoro wa kale haukutupwa. Ulipandishwa cheo ukawa chanzo. Kanuni waliyoiweka ni kwamba faili la chanzo na SVG iliyotokana nalo vyote viwekwe pamoja na msimbo, ili anayejenga mwongozo asilazimike kuwa na programu za kuchorea. Toleo la 12 lilitoka Oktoba 2019, na baada ya muda hata mchoro wa kijenetiki ukaandikwa upya kwa Graphviz.

Picha hizo ni chache na hazina mapambo. Jambo la maana ni utaratibu: mradi ulikataa kupokea picha yoyote mpaka ulipopata njia ya kuipokea kwa masharti yaleyale ya msimbo. Subira hiyo iliwakera wengi, na naamini ilikuwa sahihi.

Baada ya hapo

Mermaid, iliyoanzishwa na Knut Sveidqvist mwaka 2014, huchora kwa maneno ndani ya kivinjari na kutoa SVG. GitHub ilipoanza kuionyesha yenyewe Februari 2022, mchoro wa matini ukawa jambo la kawaida kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za Kernighan. Udhaifu wake ni wa ndugu zake wote: programu hupanga masanduku inavyotaka, na mchoro ukizidi vipengele ishirini hivi hugeuka msitu. Hapo ndipo Inkscape au draw.io inapohitajika. Draw.io inaweza kuhifadhi SVG ikiwa imebeba ndani yake data yote ya kuihariri tena.

Lililobaki nyuma ni lugha. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maneno ya menyu yalikuwa kwenye mafaili ya matini. SVG inaruhusu jambo lilelile kwa michoro, na hata faili moja kubeba maneno ya lugha kadhaa na kivinjari kuchagua. Lakini wachoraji wengi huyageuza maneno kuwa maumbo ili fonti isibadilike, na hapo mtafsiri hana la kufanya. Ukichangia mchoro kwenye mwongozo wowote wa programu huria, peleka SVG pamoja na faili lililoizaa, acha maandishi yabaki maandishi, na uyapanue masanduku yako, kwa kuwa maelezo ya Kiswahili mara nyingi huhitaji nafasi kubwa kuliko ya Kiingereza na SVG haitakuvunjia mstari.